Je, wajua kwa nini jimbo moja la Uingereza lilipiga kura kwa siku 15 mwaka 1807?

Asubuhi ya Mei 20, 1807, wapiga kura wa kaunti ya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, walianza kukusanyika kwenye ngome ya mji wa York kuchagua wabunge wawili. Walimaliza Juni 5. Ukitoa Jumapili mbili zilizoangukia katikati, hizo ni siku 15 kamili za kupiga kura, na kila siku barabara zimejaa watu wanaokwenda na wanaorudi.

Mtu wa leo akisikia hivyo atadhani kulikuwa na fujo, au masanduku yalichelewa. Masanduku hayakuwepo kabisa, kwa sababu hapakuwa na karatasi ya kura ya kutumbukizwa. Na siku hizo 15 zilikuwa halali. Sheria ndiyo iliyoziruhusu. Swali ni kwa nini zilihitajika zote.

Kwanza, uchaguzi wenyewe ulitoka wapi, maana nchi ilikuwa imetoka tu kuchagua Bunge mwishoni mwa 1806. Sheria iliruhusu Bunge kukaa hadi miaka saba, lakini hili halikumaliza hata mwaka. Serikali ya Lord Grenville ilitaka kuwafungulia Wakatoliki vyeo vya juu jeshini. Mfalme George III, aliyejiona mlinzi wa Kanisa la Kianglikana, alikataa, kisha akawataka mawaziri waahidi kwamba hawatalileta tena jambo hilo mbele yake. Hawakukubali, naye akawaondoa Machi 1807 na kumpa Duke wa Portland uwaziri mkuu. Serikali mpya ikaona ivunje Bunge mapema, wakati hofu ya Wakatoliki bado inachemka mitaani. Hesabu yao ilikuwa sahihi, wakashinda.

Sasa turudi York. Mwenye kura katika kaunti alikuwa mwanamume mwenye ardhi au nyumba ya kumiliki inayoweza kumwingizia angalau shilingi 40 kwa mwaka, yaani pauni mbili. (Naam, shilingi, jina la fedha zetu lilitoka kwao.) Kiwango hicho kiliwekwa karne ya 15, wakati shilingi 40 zilikuwa mali ya mtu mwenye nafasi yake. Kufikia 1807 thamani ya fedha ilikuwa imeshuka sana, lakini sheria haikuguswa. Ndivyo wafumaji wa nguo, wakulima wadogo na wenye maduka walivyojikuta na haki ambayo waliotunga sheria hawakuwakusudia. Katika kaunti kubwa kuliko zote Uingereza, watu wa namna hiyo walikuwa maelfu kwa maelfu.

Na maelfu wote hao walikuwa na mahali pamoja tu pa kupigia kura: ngome ya York. Leeds hapakuwa na kituo, Sheffield hapakuwa na kituo, Halifax hivyo hivyo. Mtu wa Sheffield alikuwa na zaidi ya kilomita 80 mbele yake. Wa Sedbergh, milimani upande wa magharibi, alikuwa na zaidi ya kilomita 100. Reli ya abiria Yorkshire ilikuwa haijafika. Kura ya mtu huyo ilimaanisha siku kadhaa nje ya nyumba yake, na mtu wa kumgharimia.

Akifika, kura yenyewe aliipiga kwa mdomo. Alisimama mbele ya karani, akataja jina lake, anakoishi na mali inayompa haki, kisha akasema kwa sauti anamchagua nani. Karani akaandika. Mawakala na wanasheria wa wagombea walisimama hapo hapo, masikio yamesimama. Baadaye vitabu hivyo vya kura vilichapwa na kuuzwa, kwa hiyo mwenye shamba aliweza kufungua ukurasa na kuona mpangaji wake alisema nini York. Kura ya siri Waingereza waliipata mwaka 1872.

Kilichochelewesha foleni zaidi ni kwamba hapakuwa na daftari la wapiga kura. Haki ya mtu ilithibitishwa pale pale alipofika, kwa orodha za kodi ya ardhi na kwa kiapo. Wakala wa upande wa pili akimtilia shaka, anapinga, mabishano yanaanza, na walio nyuma wanasubiri. Wakala mjanja alijua kwamba kuchelewesha foleni ya mpinzani nako ni kufanya kampeni.

Kwa nini basi 15, isiwe 10 au 30? Hilo lina kisa chake. Mwaka 1784, jimbo la Westminster, London, lilipiga kura kwa siku 40, ngumi zikiwemo. Bunge likachoka, na mwaka 1785 likatunga sheria kwamba upigaji kura usizidi siku 15. Kwa hiyo kilichowekwa kama ukomo, Yorkshire ilikitumia hadi tone la mwisho.

Haikuwa desturi yao. Kwa zaidi ya miaka 60 kaunti hiyo haikuwa imepiga kura katika uchaguzi mkuu. Wakubwa walikutana, wakapimana nguvu, wakakubaliana nani aende London, na waliochaguliwa wakapita bila kupingwa. Kupiga kura ilikuwa gharama ambayo kila mwenye akili aliikwepa. Mwaka 1807 makubaliano hayo yalivunjika, kwa sababu nyumba mbili kubwa zilikataa kupishana.

Nyumba ya kwanza ni ya Lascelles wa Harewood, karibu na Leeds, waliotajirika kwa biashara na mashamba ya miwa ya watumwa visiwani Karibi. Mtoto wao, Henry Lascelles, aliwahi kuwa mbunge wa kaunti miaka kumi, lakini aliwaudhi wafumaji na 1806 akajitoa kabla ya kura. Sasa alitaka kiti chake. Nyumba ya pili ni ya Earl Fitzwilliam wa Wentworth Woodhouse, aliyemleta mwanawe, Lord Milton. Kijana huyo alitimiza miaka 21, umri wa kuruhusiwa kugombea, Mei 4, 1807. Kura zilianza siku 16 baadaye!

Wa tatu ni William Wilberforce, mtoto wa mfanyabiashara wa Hull, mbunge wa Yorkshire tangu 1784. Miezi miwili tu kabla, Machi 25, sheria aliyoipigania kwa karibu miaka 20 ya kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa Waingereza ilikuwa imetiwa saini. Sheria hiyo haikugusa soko la Zanzibar, wala haikuwaachia huru waliokuwa utumwani tayari. Hata mkataba wa Moresby wa 1822, kati ya Waingereza na Sayyid Said, ulizuia tu kuwauzia watumwa raia wa mataifa ya Kikristo, na soko la Zanzibar lilifungwa 1873. Lakini York mwaka ule jambo hilo lilikuwa bichi. Watu wa Milton hawakuacha kuukumbusha umma fedha za Lascelles zilichumwa wapi. Na ilisemwa kwamba Lord Harewood, baba yake Henry, yuko tayari kumaliza mali yake yote ya Barbados kwenye uchaguzi huu.

Hapo ndipo tunaifikia siri ya siku 15. Kwa kuwa mpiga kura ni lazima afikishwe York, kampeni iligeuka kazi ya usafirishaji. Mgombea ndiye aliyelipa nauli, chakula, kitanda cha hoteli na, bila shaka, pombe. Sisi tungeiita takrima, na wao hawakuona aibu nayo. Nyumba hizo mbili zilikodi magari ya farasi kila pembe ya kaunti. Gazeti moja la York lilieleza jinsi mikokoteni ya kijeshi ya farasi wanane ilivyobeba hata wapiga kura 40 kwa mkupuo, na jinsi msafiri wa kawaida alivyokosa hata kiti cha kukalia hotelini. Farasi walichoka, wajumbe walilala wakiwa juu ya farasi, na bado mizigo ya watu iliendelea kuja.

Wilberforce aliachwa nyuma. Siku za mwanzo kura zake zilikuwa chache, si kwa kukosa watu, bali kwa kukosa magari, maana wenzake walikwisha yakodi. Kisha watu wake wakaanza kutokea kwa njia zao wenyewe. Mashua zilipanda mto kutoka upande wa Hull zikiwa zimejaa wapiga kura. Wakulima walitoa mikokoteni yao ya shambani. Wengine walipanda punda, na mamia walitembea kwa miguu, wengi wakijilipia. Naipenda sana sehemu hii ya kisa, ingawa tusidanganyane, hata Wilberforce hakugombea bure. Marafiki zake walichanga zaidi ya pauni 64,000, zikatumika chini ya nusu na nyingine zikarudishwa kwa waliochanga. Wapinzani wake wanakadiriwa kutumia karibu pauni 100,000 kila mmoja. Zote hizo kwa kazi isiyo na mshahara. Wabunge wa Uingereza walianza kulipwa 1911.

Kulikuwa na hesabu nyingine iliyowanyima usingizi. Viti vilikuwa viwili, kwa hiyo kila mpiga kura alikuwa na kura mbili, lakini hakulazimishwa kuzitumia zote. Ukimtaka Milton kwa moyo wote, unampa kura moja na ile ya pili unaitupa, ili usimnyanyue mshindani wake. Zaidi ya watu 23,000 walipiga kura York, na zaidi ya nusu yao walitaja jina moja tu. Ikazuka pia fununu kwamba Wilberforce na Lascelles wameungana kwa siri ili kumfungia Milton mlango. Wilberforce alikanusha. Fununu hiyo ilimuuma, kwa sababu wafuasi wa Milton ambao wangempa kura yao ya pili walianza kuibana.

Kutokana na kura za wazi, matokeo yalijulikana kila jioni, na kila jioni wakubwa walijua wamepungukiwa na wangapi. Hivyo hakuna aliyekuwa tayari kuacha mapema. Aliyeko nyuma kwa kura 100 leo aliweza kutuma magari usiku huo huo yakamletee 200 kesho. Mbio za namna hiyo haziishi mpaka sheria iseme basi, na sheria ilisema basi siku ya 15. Wilberforce alikuwa wa kwanza kwa kura 11,800 na kidogo. Milton alipata 11,177, akachukua kiti cha pili. Lascelles alikosa kwa kura zisizofika 190, baada ya pauni zote zile.

Usidhani nchi nzima ilipitia hayo. Mwaka huo huo palikuwa na Old Sarum, kilima cha magofu karibu na Salisbury, chenye wapiga kura wasiozidi idadi ya vidole vyako, nacho kilipeleka wabunge wawili, sawasawa na Yorkshire nzima. Leeds, Manchester na Birmingham, miji iliyokuwa ikifura kwa viwanda, haikuwa na mbunge wake hata mmoja. Kati ya viti 658 vya Bunge, vingi vilijazwa bila kura hata moja kupigwa.

Mambo yalibadilika polepole. Daftari la wapiga kura na vituo vingi ndani ya kaunti moja vilikuja na mageuzi ya 1832, na siku za kura zikapunguzwa kuwa mbili. Kaunti zikapata siku moja mwaka 1853. Nchi nzima kupiga kura siku moja ilisubiri hadi Desemba 1918.

Yorkshire yenyewe haikusubiri sheria. Uchaguzi mkuu uliofuata, mwaka 1812, hakuna aliyekuwa na hamu ya kufungua tena mfuko. Milton na Lascelles, wale wale waliogombania kila farasi wa kaunti, walipita pamoja bila kupingwa. Wilberforce, akitaja afya na watoto kuwa sababu, aliiacha Yorkshire na kukubali kiti cha Bramber, kijiji cha Sussex ambacho jamaa yake tajiri alikuwa na sauti ndani yake. Safari hii hakuhitaji mashua wala punda.