Kifaru ufukweni mwa Libya: ardhi kwanza, gari baadaye

Wengi wanaojenga diorama, yaani mandhari ndogo ya kuigiza juu ya ubao, ya vita vya jangwani huanza na kifaru. Wanaunganisha seti ya plastiki, wanaipaka rangi kwa ustadi wote walio nao, halafu siku ya mwisho wanamwaga mchanga kwenye ubao na kukibandika juu yake. Kifaru kinakuwa kizuri, mchanga nao mzuri, lakini viwili hivyo havijuani. Mimi naenda kinyume chake. Naanza na ardhi, tena ardhi ya mahali panapojulikana, na hiyo ndiyo inayoniamulia kifaru kishike vumbi la rangi gani, kizame kiasi gani na kutu ikae wapi.

Kazi ninayoieleza hapa ni ya skeli ya 1/35, yaani kila kitu ni kidogo mara 35 kuliko halisi: kifaru cha Wajerumani, Panzer III, kimeegeshwa kwenye ghuba ndogo mashariki mwa Libya, mwaka 1941, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Kwanza tuondoe picha ya matuta makubwa ya mchanga wa rangi ya chungwa. Matuta ya namna hiyo yako mbali kusini. Vita vile vilipiganwa zaidi kwenye ukanda wa pwani, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na bandari na barabara. Barabara ya Via Balbia, iliyofunguliwa mwaka 1937, ilifuata pwani kutoka mpaka wa Tunisia hadi mpaka wa Misri, zaidi ya kilomita 1,800. Aliyeshika Tripoli, Benghazi au Tobruk alishika mafuta, risasi na maji. Ndiyo maana Tobruk ilizingirwa tangu Aprili 1941 hadi karibu na mwisho wa mwaka ule. Ardhi ya upande huo ni ya chokaa: uwanda wa mawe na udongo mwembamba, vichaka vifupi vya miiba, kisha miteremko na mabonde makavu yanayoshuka baharini. Ufukwe wenyewe ni mwamba, na katikati ya mwamba kuna vighuba vya mchanga. Ukienda mashariki hadi Marsa Matruh, Misri, mchanga unakuwa karibu mweupe kabisa. Ukirudi magharibi hadi El Agheila unakutana na mabwawa ya chumvi. Kwa hiyo rangi yangu ya msingi ni ya maziwa yaliyotiwa tone la kahawa, na sehemu chache zinaelekea kijivu. Chungwa silitumii hata kidogo.

Sasa tuje kwenye mchanga, na hapa naomba tuende polepole. Punje ya mchanga laini wa ufukweni ina upana wa kama milimita 0.2. Kwenye skeli ya 1/35 punje hiyo inageuka jiwe la milimita 7. Maana yake, ukimwaga mchanga halisi wa baharini kwenye diorama, umemwaga kokoto. Jicho linatambua hilo mara moja, hata kama mtazamaji hawezi kusema kasoro iko wapi. Mchanga halisi una kazi yake, nao ni kuwa changarawe, basi. Hata hivyo uoshe kwanza kwa maji baridi mara kadhaa na uukaushe, kwa sababu chumvi iliyobaki ndani yake huvuta unyevu na baadaye hutokeza ukungu mweupe juu ya rangi.

Kinachofaa kuwa mchanga ni unga: ule wa kujazia nafasi za vigae, uliochekechwa kwenye kitambaa cha soksi nyepesi. Nauchanganya na gundi nyeupe ya mbao, maji kidogo, tone la sabuni ya vyombo ili usambae vizuri, na rangi ya akriliki. Rangi lazima iingie ndani ya uji wenyewe, isiwe ya kupakwa juu tu, kwani siku pembe ikimeguka utaona ardhi ile ile ndani, si kidonda cheupe. Uji huu naupaka juu ya foami ngumu niliyoichonga. Mwamba wa chokaa nauchonga kwa tabaka za mlalo, tabaka gumu likitokeza mbele na laini likiwa limeliwa chini yake, kwa sababu ndivyo mawimbi na upepo vinavyoula mwamba wa aina ile. Mawe yaliyoanguka nayaweka chini ya ukuta lilikotoka kila moja. Jiwe la peke yake katikati ya uwanja, lisilo na asili, linaua picha nzima.

Uji ukiwa bado laini, kama nusu saa baada ya kupakwa, nakikandamiza kifaru mahali pake. Hatua hii haina mbadala. Panzer III ilikuwa na uzito wa kama tani 20, na minyororo yake ilikuwa na upana wa sentimita 36 hadi 40, yaani milimita 10 hadi 11 kwenye modeli. Kwenye mchanga mkavu ingezama sentimita kadhaa. Sentimita 5 ni milimita 1.4 kwenye ubao wako. Ni kidogo, lakini hiyo milimita moja na ushee ndiyo inayotenganisha kifaru kilichosimama na kifaru kinachoelea. Nalowesha minyororo maji ili isinate, nakandamiza, natoa, kisha natumia kipande cha mnyororo wa akiba kuendeleza alama nyuma hadi ukingo wa ubao. Penye mwamba uliofunikwa na udongo mwembamba alama zinafifia, zinabaki mikwaruzo myeupe kwenye jiwe. Penye mchanga zinarudi, na kingo zake zimebomoka kuelekea ndani. Karibu na maji, kwenye mchanga wenye unyevu, kila pingili ya mnyororo inasomeka. Gari moja, njia moja, alama za aina tatu.

Bahari ya Mediterania haina maji kujaa na kupwa ya kusema. Katika sehemu nyingi za pwani hii tofauti ni ya makumi machache ya sentimita, hakuna bamvua ya kufunua ufukwe mpana. Kwa hiyo ukanda wa mchanga uliolowa nafanya mwembamba, na ukubwa wake unatokana na wimbi tu, si na mwezi. Mchanga mkavu ni hafifu na hauakisi mwanga. Uliolowa una rangi ile ile iliyokoza, na mng'ao mdogo. Napitisha rangi ya kahawia iliyopunguzwa sana, kisha vanishi ya nusu-mng'ao. Mpaka kati yao usiwe mstari. Uwe matao yanayopishana, kila tao ni wimbi lililofika na kurudi, na kwenye ukingo wa tao la juu kabisa nadondosha uchafu mdogo: nyuzi za majani makavu ya bahari, chembe nyeupe za makombe yaliyosagwa.

Upepo nao uamuliwe mapema, kabla ya kupanda kichaka cha kwanza. Kichaka cha miiba cha nusu mita kinakuwa sentimita 1.4, navitengeneza kwa mizizi iliyokauka, rangi ya kijivu iliyochanganyika na kijani kidogo. Nyuma ya kila kichaka, upande usio na upepo, mchanga hujikusanya kuwa mkia. Mikia yote ielekee upande mmoja. Ukichagua upepo wa baharini, mikia inaelekea bara na mawimbi yanakuja moja kwa moja. Ukichagua ghibli, ule upepo wa moto kutoka jangwani, mikia inaelekea baharini, maji ya karibu yanatulia, na hewa yote inakuwa ya vumbi. Usichanganye. Nimeona kazi za watu hodari ambamo turubai linapepea kushoto na mawimbi yanasukumwa kulia, na baada ya kuliona hilo sikuona tena kitu kingine.

Sasa rangi za kifaru, ambazo historia yenyewe imetuandalia. Wanajeshi wa kwanza wa Kijerumani waliteremka Tripoli Februari 1941, na vifaru vikafuata Machi. Vilifika na rangi ya kijivu kizito ya Ulaya, RAL 7021 (RAL ni orodha ya Kijerumani ya rangi zenye namba). Agizo la rangi za jangwani lilitoka mwezi huo wa Machi: RAL 8000, hudhurungi ya manjano, pamoja na RAL 7008, kijivu cha kijani. Baadhi ya magari yalipakwa matope kwanza wakati rangi haijafika. Kwa hiyo rangi ya jangwani inapochubuka kwenye Panzer III ya mwaka 1941, kinachoonekana chini yake ni kijivu, si kutu. Hili nalisisitiza kwa moyo wote, kwa sababu kila siku naona vifaru vya Afrika Kaskazini vilivyojaa kutu kama meli iliyozama. Magari yale yalikuwa na umri wa miezi tu, kwenye nchi kavu.

Namna yangu ni hii: kijivu kwanza, kikauke kabisa; juu yake dawa ya kupulizia nywele, mipulizo miwili myepesi; kisha rangi ya jangwani ya akriliki, nyembamba, isifike vizuri kwenye pembe za ndani, kwani hata waliopaka kwa haraka hawakufika huko. Baada ya muda mfupi nalowesha sehemu kwa maji ya uvuguvugu na kusugua kwa brashi ngumu iliyokatwa fupi. Dawa iliyo chini huyeyuka kwa maji, na rangi inaachia kwenye kingo za milango ya mnara, kwenye madgadi wanapokanyaga, kwenye vishikio. Kwenye bapa za pembeni ambako hakuna mkono wala buti linalofika, naacha.

Kutu ninayoikubali ni ya bomba la moshi, kwa sababu ya joto, na kidogo kwenye nyaya za kuvutia. Minyororo haina kutu pale inapokanyaga: mchanga na mawe huisugua ikang'aa. Nasugua unga wa penseli kwenye meno ya nje tu, pia kwenye njia ya magurudumu upande wa ndani.

Vumbi linatoka kwenye ubao ule ule. Nachukua unga uliobaki wa ardhi, nauchanganya na rangi ya unga, nauweka mkavu kwenye magurudumu na madgadi, kisha nagusisha tapentaini kwa ncha ya brashi ili ushike. Usiku wa pwani huwa na umande, na asubuhi umande huo huteremka na kuacha michirizi ya vumbi kwenye kuta za wima. Michirizi mifupi, isiyolingana, ndiyo inayoniambia kwamba gari hili limelala kando ya bahari. Penye mafuta, karibu na vifuniko vya tangi na vitovu vya magurudumu, vumbi linanata na kuwa jeusi zaidi. Jerikeni za lita 20 nazipanga nyuma ya mnara; zile za maji zina msalaba mweupe, na hizo hazina doa la mafuta.

Watu nawaweka wachache. Panzer III ilikuwa na watu watano. Maji ya kunywa yalikuwa adimu mno hata wanajeshi wa pande zote mbili wakawa wanaoga baharini walipopata nafasi, kwa hiyo wanne wamo majini au njiani kwenda, na mmoja amebaki juu ya mnara akitazama angani, kwani ndege ndiyo hatari ya kwanza mahali palipo wazi namna ile. Nguo zimetandazwa juu ya injini. Pamba yao ya kijani cha zeituni ilipauka vibaya kwa jua na chumvi, hivyo hakuna mavazi mawili yenye rangi sawa: shati moja bado kijani, suruali imeshakuwa rangi ya mchanga.

Maji ndiyo kazi ya mwisho. Nayatengeneza kwa rezini, kimiminika angavu kinachokauka kuwa kigumu, na rezini mbichi hukamata kila vumbi linalopita. Sakafu ya bahari naipaka rangi kwanza: mchanga, kisha feruzi, kisha buluu ya kijani inayokoza kuelekea ukingo. Rezini yenyewe naiacha bila rangi. Foami yote iwe imezibwa kwa gundi, la sivyo joto la rezini inapokauka huiyeyusha na mapovu hupanda. Namwaga tabaka za milimita 2 au 3, saa 24 kati ya moja na nyingine, sanduku likifunika kila mara. Mawimbi madogo nayainua kwa jeli nzito ya akriliki inayokauka ikiwa angavu, na povu ni jeli hiyo hiyo iliyotiwa rangi nyeupe, ikiguswa kwa sponji kwenye ukingo wa tao tu. Waogaji walioko majini wanakatwa kiunoni na kubandikwa juu ya tabaka la mwisho likishakauka, kisha duara jembamba la jeli linazungushwa kila mmoja ili maji yaonekane yamemshika.