Video kukwama baada ya kufunga kadi ya michoro: si lazima kadi iwe mbovu

Wengi huamini kwamba ukifunga kadi mpya ya michoro kwenye kompyuta kisha video zikaanza kukwamakwama, umeuziwa kadi mbovu au feki. Wazo hilo linaeleweka, maana kadi ndiyo kitu kipya kilichoingia na hela imeshatoka. Lakini mara nyingi kadi ni nzima.

Anza nyuma ya kompyuta. Je, waya wa skrini umehamia kwenye matundu ya kadi, au umebaki kwenye tundu la zamani la ubao mama (motherboard)? Ukiwa umebaki huko, uhamishie kwenye kadi.

Kisha fungua Device Manager ya Windows. Ukikuta jina "Microsoft Basic Display Adapter", draiva ya kadi, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi, haijaingia. Prosesa ndiyo inayobeba kazi yote ya kufungua video, ndiyo maana feni inavuma na picha zinaruka. Pakua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Kinachosahaulika zaidi ni muundo wa video yenyewe, yaani namna ilivyobanwa. Video nyingi za YouTube huja kwa muundo uitwao AV1, na kadi za NVIDIA zilianza kuufungua zenyewe kwenye mfululizo wa RTX 30, mwaka 2020. GTX 1650, kadi ya NVIDIA iliyotoka kabla ya mfululizo huo, hata iwe nzima kabisa, itaiachia prosesa kazi hiyo. Bofya kulia juu ya video, chagua "Stats for nerds", usome mstari wa Codecs: av01 ndiyo AV1.

Kabla ya kurudi dukani, cheza faili ya H.264 (muundo wa zamani ambao karibu kadi zote huufungua zenyewe) iliyo kwenye diski yako. Ikitiririka vizuri, tatizo litafute kwenye muundo, kivinjari au intaneti.