Wa pili kusema ndiye anayetafutwa

Nafundisha saikolojia ya jamii hapa Kisumu, na vijana wa Nyalenda na Manyatta hawachoki kuniuliza: mtu mmoja atabadilisha nini? Huwa nawarudisha mwaka 1958.

Jomo Kenyatta alikuwa bado kifungoni Lokitaung, baada ya hukumu ya Kapenguria ya 1953. Mwezi Juni, Jaramogi Oginga Odinga, mjumbe wa Nyanza ya Kati, alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria akasema kwamba Kenyatta na wenzake waliofungwa bado ni viongozi wa Waafrika. Wazungu wakamjia juu. Baadhi ya Waafrika wenzake barazani nao wakajitenga naye. Jaramogi hakurudi nyuma. Muda si muda "Uhuru na Kenyatta" ikawa kauli ya umati, na mwaka 1961 chama cha siasa cha KANU, ingawa kilishinda uchaguzi, kilikataa kuunda serikali hadi Kenyatta afunguliwe. Agosti mwaka huo akawa huru.

Wengine husema Jaramogi aligeuza mawazo ya watu. Mimi naona wengi walikuwa na wazo hilo tayari, ila kila mmoja alijihisi yuko peke yake.

Miaka ya 1950 huko Marekani, mwanasaikolojia Solomon Asch aliwauliza watu mstari upi unalingana na mwingine. Jibu lilikuwa wazi hata kwa mtoto. Lakini wenzao chumbani, waliopangwa na mtafiti, walipokubaliana kutoa jibu la uongo, waliopimwa waliwafuata karibu mara moja kwa kila tatu. Akiwekwa mtu mmoja tu wa kusema kweli, kufuata mkumbo kulishuka hadi kama robo ya hapo awali. Aliyewahi kuketi katika baraza la chifu hatashangaa.

Mwanasaikolojia Serge Moscovici, Ufaransa, 1969, aligeuza swali: je, wachache wanaweza kuwavuta wengi? Katika vikundi vya watu sita, wawili waliopangwa waliita slaidi za buluu kijani. Waliposhikilia hivyo kila mara, wengine nao walisema kijani katika asilimia 8 hivi ya majibu. Walipoyumba, ikawa kama asilimia 1. Ni kidogo, najua, lakini wawili hao hawakuwa na cheo, hela wala ukweli.

Kwa hiyo kijana akitaka kuuliza hesabu za chama chao, simwambii apaze sauti. Aulize swali lilelile, kwa heshima ileile, kila mkutano. Kabla ya hapo amtafute mwanachama mmoja kati ya wale wanaonung'unika nje baada ya chai (hawakosekani!), amwombe aseme tu, "Hata mimi ningependa kujua." Na yasiyo ya msingi ayalegeze, kwa sababu watafiti waliomfuata Moscovici walionyesha kwamba wachache wasiokubali kulegeza lolote huonekana wakaidi tu. Mweka hazina akiomba mpaka mwezi ujao, apewe. Ila ahadi hiyo iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, na tarehe yake.