"Ongeza virtual memory gemu liruke": dhana potofu na ukweli

Mwenye laptopu ya mtumba na hamu ya kucheza GTA V hachelewi kupewa ushauri huu, ama na fundi, ama na video fupi ya mtandaoni: ingia kwenye mipangilio ya Windows, tafuta palipoandikwa Virtual memory, andika 16000 au 20000, washa upya, kazi imekwisha. Gemu linaganda vilevile. Mwingine huambiwa kinyume chake: zima kabisa hicho kitu, kinakuibia kasi. Siku mbili tatu baadaye gemu linajifunga lenyewe katikati ya misheni, na lawama inaangukia mods, yaani nyongeza za gemu zinazotengenezwa na mashabiki.

Kwanza tukijue chenyewe. Kila programu kwenye kompyuta hupewa ramani yake ya kumbukumbu, iliyokatwa vipande vidogo vya KB 4 vinavyoitwa kurasa. Programu haijui ukurasa fulani uko kwenye RAM (kumbukumbu ya haraka ya kazi) au diskini. Hilo ni jukumu la prosesa na Windows. Ramani hiyo ndiyo kumbukumbu pepe, yaani virtual memory, na haizimwi wala haiongezwi kwa kuandika namba. Kile unachokibadilisha kwenye lile dirisha ni ukubwa wa faili moja lililofichwa kwenye diski C, pagefile.sys, ambamo Windows huhamishia kurasa zisizoguswa kwa muda mrefu. Wazo lenyewe ni la zamani. Kompyuta ya Atlas iliyozinduliwa Manchester mwaka 1962 ilikuwa na kumbukumbu ya haraka ya maneno (vipande vya data) 16,384 tu, na ngoma ya sumaku, hifadhi ya polepole, yenye nafasi mara sita ya hiyo. Wahandisi walitaka mwandishi wa programu avione vyote viwili kama kitu kimoja. Walikuwa wanatafuta nafasi. Kasi ilikuwa ndiyo bei waliyolipa.

"Ukiiongeza, fremu zinaongezeka"

RAM hujibu ndani ya takriban nanosekunde 100. SSD ya kawaida, diski isiyo na kitu kinachozunguka, huhitaji kama maikrosekunde 100, yaani mara elfu moja ya muda huo. Hadidiski ya kuzunguka huchukua kama milisekunde 10, na hapo tumefika mara laki moja. Sasa gemu likienda kwa fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 16.7 tu za kuandaliwa. Kurasa mbili zikihitajika kutoka kwenye hadidiski, muda wa fremu nzima umeliwa na bado hakuna kilichochorwa. Ndiyo ile hali ya gari kukimbia vizuri barabarani, ukikata kona kuingia mtaa mwingine picha inasimama, taa ya diski inawaka, kisha mambo yanaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kulikuza faili kutoka GB 4 hadi GB 20 hakupunguzi safari hizo hata moja. Windows hupeleka kurasa huko RAM inapobana, na haiongezi wala kupunguza kwa sababu faili limenenepa. Fremu zako zinabaki pale pale.

Mbona basi wapo wanaoapa kwamba kwao ilifanya kazi? Wengi wao waliwasha kompyuta upya. Kabla ya hapo kivinjari kilikuwa na tabo thelathini, masasisho yanashuka nyuma ya pazia, na laptopu haijazimwa tangu wiki iliyopita, inalazwa tu kwa kufunga kifuniko. Kuwasha upya kukasafisha yote hayo, sifa zikaenda kwa namba 20000. Anayetaka kuhakikisha awashe upya bila kubadili chochote, apime fremu, kisha abadili, awashe tena na kupima mahali palepale kwenye gemu.

"Zima kabisa, RAM unayo ya kutosha"

Huu ndio ushauri unaoumiza zaidi, maana unaonekana wa kitaalamu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, nenda Performance, kisha Memory. Macho ya wengi huishia kwenye grafu ya juu. Shuka chini palipoandikwa Committed. Utaona namba mbili zilizotenganishwa na mkwaju, mathalani 7.4/12.7 GB. Ya kwanza ni jumla ya kumbukumbu ambayo Windows imeshaziahidi programu zote. Ya pili ni kikomo cha ahadi hizo, nacho ni RAM ukijumlisha na pagefile.

Windows katika hili ni kama mweka hazina wa kamati ya harusi aliye makini. Anasaini oda ya ukumbi, ya keki na ya muziki, lakini jumla ya oda haivuki fedha taslimu aliyonayo pamoja na iliyoko benki, hata kama malipo yenyewe ni ya mwezi ujao. Ukimfungia akaunti ya benki, atakataa oda ya muziki ilhali noti bado zimejaa kwenye mkoba wake.

Ndivyo inavyokuwa kwenye gemu. Chukua laptopu ya GB 8 iliyozimwa pagefile: kikomo ni GB 7.9 hivi. Windows, kivinjari na vikorokoro vingine vimeshaahidiwa GB 4. Gemu linaomba GB 4 nyingine kwa sababu magemu hupenda kuomba mapema na kutumia baadaye. RAM iliyotumika kweli inaweza kuwa GB 6 tu, grafu inaonyesha nafasi ipo, lakini ahadi zimefika ukingoni. Ombi linakataliwa, gemu linakurudisha deskitopu bila hata kwaheri. Cities: Skylines iliyojazwa mods na majengo ya kupakua inajulikana sana kwa hili, hata kwenye mashine za GB 16.

Na kule kuzima hakuondoi usomaji wa diski. Kurasa zenye msimbo wa programu yenyewe haziendi pagefile. RAM ikibana, Windows huzitupa na kuzisoma tena kutoka kwenye faili la programu lilipo. Ulichoikataza Windows ni kuhamisha data iliyolala, kwa mfano ya programu uliyofungua asubuhi ukaisahau. Hiyo sasa inabaki imekalia RAM ambayo gemu lingeitumia. Juu ya hayo, skrini ya bluu ikitokea Windows haina pa kuandikia taarifa za ajali kwa njia yake ya kawaida, na fundi anabaki kubahatisha.

"Kanuni ni RAM mara moja na nusu"

Ilikuwa na maana zama za Windows XP, RAM ilipokuwa MB 256 au 512. Mwenye GB 32 akiifuata leo atatenga GB 48 za diski kwa ajili ya faili ambalo huenda lisiguswe. Ipuuze.

Ndugu yake ni ile ya kuweka kiwango cha chini na cha juu sawasawa ili faili lisitawanyike. Kwenye hadidiski ina chembe ya ukweli, kwa kuwa faili likikua katikati ya mchezo unaweza kuhisi mkwamo mfupi. Kwenye SSD hutaona tofauti.

"Inaongeza kumbukumbu ya kadi ya grafiki"

Hapa ndipo mjadala ungepaswa kuanzia, kwa sababu laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue zilikuwa za maofisini na hazina kadi ya grafiki ya peke yake. Chukua HP EliteBook 840 G3, ambayo karibu kila duka inayo. Grafiki yake, Intel HD 520, imo ndani ya prosesa na inaazima RAM ya kawaida, hadi nusu yake. Picha zote za gemu, kuta, barabara, nyuso za watu, zinapita kwenye RAM ileile ambayo Windows na gemu lenyewe vinaigombea.

Mashine hii ina nafasi mbili za RAM, na mara nyingi unaikuta na kipande kimoja tu cha GB 8. Kipande kimoja cha RAM ya aina ya DDR4 yenye kasi ya 2133 kinapitisha GB 17 kwa sekunde. Ukiweka cha pili kinachofanana nacho, njia zinakuwa mbili na unapata GB 34. Kwa grafiki inayotegemea RAM, hilo linaonekana kwenye fremu, tena bila kugusa mpangilio wowote. Kabla ya kununua, angalia pale pale kwenye Task Manager palipoandikwa Slots used. Ikisema 1 of 2, umeshajua hela yako iende wapi. Muuzaji atakayekwambia kipande kimoja cha GB 16 ni sawa na viwili vya GB 8, kwa ofisi ni kweli, kwa gemu kwenye mashine kama hii si kweli.

Kuna pia mchezo wa kuingia kwenye rejista ya Windows, inapohifadhi mipangilio yake ya ndani, na kuongeza thamani iitwayo DedicatedSegmentSize. Yapo magemu yanayokagua kumbukumbu ya grafiki na kugoma kuwaka yakiona MB 128. Namba hiyo huyadanganya yakawaka. Kumbukumbu haikuongezeka hata chembe.

Na GTA San Andreas, ambayo vijana bado wanaijaza magari na ramani mpya? Ile ni programu ya biti 32 ya mwaka 2005. Nafasi yake ya anwani, yaani kumbukumbu yote inayoweza kuifikia, kwenye Windows ni GB 2 kwa kawaida, au GB 4 ikifanyiwa marekebisho kwenye faili lake. Uwe na RAM ya GB 64 na pagefile ya GB 100, ikigonga ukuta huo itaanguka tu.

"Pakua programu ya kusafisha RAM"

Programu hizi huziamuru programu nyingine ziachie kurasa zao. Grafu inashuka, unafurahi, kisha kila kitu kinaanza kurudishwa kidogo kidogo, na baadhi yake hutoka diskini. Umejitengenezea mikwamo uliyotaka kuikimbia. RAM ambayo Windows imeijaza nakala za mafaili huachiliwa mara moja gemu linapoihitaji, kwa hiyo haikuwa imepotea.

Biashara hii ina historia. Mwaka 1995 kampuni ya Syncronys Softcorp ya Marekani iliuza SoftRAM95 kwa ahadi ya kuzidisha kumbukumbu ya Windows 95 maradufu. Ilipochunguzwa ikaonekana haifanyi hivyo, na mwaka 1996 mamlaka ya biashara ya nchi hiyo ikaibana kisheria. Maduka ya programu ya leo bado yamejaa wajukuu zake.

Kwenye simu habari ni ileile kwa sura mpya: tangazo linasema GB 8 kujumlisha 8, halafu kwa herufi ndogo unakuta nane za pili ni sehemu ya hifadhi ya ndani. Zinasaidia programu nyingi kubaki wazi nyuma. Gemu halipati kasi humo.

"Itaua SSD yako"

Microsoft ilieleza mwaka 2009, Windows 7 ilipokuwa karibu kutoka, kwamba kwenye takwimu ilizokusanya pagefile husomwa kama mara 40 kwa kila mara moja inapoandikwa, na kwamba SSD ndiyo mahali pake hasa. SSD ya Samsung 850 EVO ya GB 250 ina dhamana ya kuandikiwa TB 75. Kuihamishia pagefile kwenye hadidiski ili kuilinda SSD ni kununua viatu vipya na kutembea peku. Flashi ndiyo mbaya zaidi. ReadyBoost, iliyokuja na Windows Vista mwaka 2007, hutumia flashi kama akiba ya kusoma mafaili ya diski, haiongezi RAM, na kompyuta yenye SSD ya kasi Windows yenyewe hukataa kuiwasha.

Pale unapotakiwa kuigusa kweli

Iko hali moja ya mara kwa mara. Laptopu ina SSD ya GB 128, juu yake Windows, juu yake tena GTA V ambayo peke yake inadai sehemu kubwa ya nafasi hiyo. Windows ikiachiwa ijiamulie, hulikuza faili ahadi zinapofika asilimia 90 ya kikomo, hadi mara tatu ya RAM, lakini bila kuvuka sehemu moja ya nane ya diski. Diski ikiwa imejaa, hakuna pa kukulia, na gemu linaanguka ingawa mpangilio uko sawa. Dawa ya kwanza ni kufuta vitu hadi zipatikane GB 20 hivi. Ikishindikana na una diski ya pili, ongeza pagefile ya pili huko, uache ile ya C ilipo.

Kwa aliyekwisha kuchezea namba: bonyeza kitufe cha Windows na R, andika sysdm.cpl, ingia Advanced, chini ya Performance bonyeza Settings, kisha Advanced tena, halafu Change. Rudisha tiki kwenye kisanduku cha juu kabisa kinachosema Automatically manage, bonyeza OK, washa upya. Kisha lianzishe gemu, cheza nusu saa, na utazame ile namba ya Committed inafika wapi.