Namba Saba Si Fimbo ya Mtoto

"Kamwene mwalimu, hii fimbo namba saba nitampa mwanangu. Mimi nimeshakua." Jumamosi nimeisikia tena kwenye uwanja wa gofu hapa Mufindi, ukungu haujainuka juu ya chai, kutoka kwa kaka mmoja wa Mafinga aliyekuja na draiva mpya, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, kichwa chake bado kimevaa nailoni ya dukani. Mpira wa kwanza ukaingia kwenye chai. Wa pili ukaufuata. Nadhani wachuma chai wanaijua draiva yake kuliko mimi.

Dhana hii ndiyo inayonichosha: kwamba namba saba, chuma cha masafa ya kati, ni ya kujifunzia, na aliyekomaa anategemea draiva. Fimbo ya kutegemewa hupimwa kwa mpira wako mbovu, si kwa ule mmoja uliokwenda vizuri na unausimulia mpaka leo. Mpini wa draiva una sentimita 114 hivi, na uso wake umelala nyuzi 9 hadi 12 tu. Namba saba ina mpini wa sentimita 94 hivi, uso umelala nyuzi 30 na ushee. Mpini ukiwa mfupi, unagonga katikati ya uso mara nyingi zaidi. Uso ukilala, mpira unapanda ukijizungusha kwa nyuma, na kukosea kidogo hakuupindi sana. Kosa lilelile linalopeleka mpira wa draiva kwenye chai, kwa namba saba linakuacha pembeni ya feawei, ile njia ya nyasi zilizokatwa, na bado unacheza.

Piga hesabu. Shimo la par 4, yaani la mikwaju minne kwa mchezaji hodari, mita 350. Draiva ikitoka nje ya mipaka, unarudi palepale kwenye tii ulikoanzia na mkwaju unaofuata ni wa tatu. Mwenye namba saba anapiga mita 140, anapiga 140 nyingine, zilizobaki 70 anatoa weji, fimbo ya masafa mafupi, kisha pata, ya kuusukumia mpira shimoni, mara mbili: mikwaju mitano. Hiyo ni bogi, mkwaju mmoja juu ya par; bogi kwenye mashimo yote 18 ya uwanja wa par 72 ni 90. Kaka yangu wa Mafinga hajawahi kushuka hata hadi 110.

Na ukifika kando ya grini, zile nyasi fupi zenye shimo, usiirudishe namba saba mfukoni. Weka mpira karibu na mguu wa nyuma, mikono mbele kidogo, piga kama unapiga pata. Mpira unaruka hatua chache kisha unakimbia wenyewe. Lakini watu wanataka weji ya nyuzi 60, waupandishe juu kama kwenye televisheni, halafu wanauvusha ng'ambo ya grini.

Namba saba si dawa ya kila mtu, hilo nalikubali. Ninaye mama mstaafu ambaye kasi ya mikono yake haiinui chuma; yeye nimempa haibridi, fimbo inayoinua mpira kwa urahisi zaidi, na anawafunga vijana. Kwenye nyasi ndefu za Kikuyu pia, nyasi zikishika shingo ya fimbo zinaufunga uso. Toa namba tisa, rudi kwenye feawei, acha ushujaa.

"Mfuko haujatimia mpaka fimbo zifike 14." Hapana. Kanuni inasema zisizidi 14. Ukija na fimbo saba hakuna wa kukuuliza. Seve Ballesteros, bingwa wa gofu, alianza utotoni na chuma namba tatu moja, akipiga mchangani ufukweni kwao Hispania.

"Siku hizi nimepata nguvu, namba saba yangu inafika 150." Si nguvu, baba, ni mlima. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari, huku Mufindi tuko juu zaidi. Hewa ni nyepesi, mpira hauzuiwi sana. Asubuhi ya Julai baridi inakunyang'anya mita kadhaa kati ya hizo. Ukishuka Dar es Salaam kwa mashindano, penye namba saba toa namba sita.