Klabu yetu inafundisha afya: tutajuaje kama inasaidia?

Jioni hapa mjini Kigoma, ukipita kwenye viwanja vya Mwanga, Gungu, Ujiji au Kibirizi utakuta timu za mtaa, veterani na vikundi vya joging. Siku hizi vingi vya vikundi hivi haviishii kwenye mpira na mbio. Vinapima presha, vinahimiza vyandarua, vinazungumza na vijana kuhusu pombe na VVU, na vinawaonya wanaooga ziwani baada ya mazoezi kuhusu kichocho. Ni kazi njema, na wengi wanaoifanya wanajitolea. Kinachonisumbua ni kwamba mwisho wa mwaka ripoti huwa ileile: bonanza lilifanyika, watu walijitokeza kwa wingi, mwitikio ulikuwa mzuri. Haya hapa ni maswali ambayo makatibu na makocha huwa nayo wanapotaka kwenda mbele ya hapo.

Tathmini ina tofauti gani na ripoti ya kawaida?

Ripoti inaeleza mlichofanya. Tathmini inaeleza kilichobadilika kwa watu, na kama mabadiliko hayo yametokana na nyinyi. Watu 300 kufika kwenye bonanza ni habari ya bonanza. Haisemi kama kuna mtu hata mmoja aliyepunguza chumvi, aliyelala ndani ya chandarua usiku ule au aliyekwenda zahanati baada ya kuambiwa presha yake iko juu.

Mwaka 1999 Russell Glasgow na wenzake wawili wa Marekani walipendekeza maswali matano ya kupimia programu za afya, na mpaka leo yanatumika sana. Kwa lugha ya klabu ni haya: tumewafikia wangapi kati ya tuliowalenga, na ni akina nani tuliowakosa? Kuna kilichobadilika kwao? Ni klabu ngapi na makocha wangapi waliokubali kuifanya kazi hii? Ilifanyika kama ilivyopangwa, au nusu ya vipindi viliahirishwa? Na mfadhili akiondoka, itaendelea? Swali la kwanza ndilo linalorukwa zaidi. Kikundi cha joging kinachokusanya watumishi wenye afya nzuri tayari kinaweza kuonekana kimefaulu sana, huku mama muuza samaki mwenye kisukari, ambaye saa kumi na mbili asubuhi yuko mwaloni, hakujua hata kama kipo.

Tuanzie wapi?

Andikeni sentensi moja kabla ya kununua jezi au kuchapisha bango: nani, abadilishe nini, kufikia lini. Kwa mfano: "Wachezaji wetu wa chini ya miaka 17 wanaolala ndani ya chandarua kila siku waongezeke kufikia mwisho wa Machi." Kisha pimeni hali ya sasa kabla hamjafundisha chochote. Bila takwimu za mwanzo, za mwisho hazina cha kulinganishwa nacho. Kama mmeshaanza, msikate tamaa. Wapimeni wanachama wapya siku wanayojiunga, na hao ndio watakuwa mwanzo wenu.

Jambo moja au mawili yanatosha. Nimeona fomu za maswali 60 zinazojazwa na kocha mwenyewe usiku kwa niaba ya wachezaji wote. Fomu ya maswali sita yenye majibu ya kweli ina thamani kubwa kuliko hiyo.

Tunapima presha kila Jumamosi baada ya kukimbia. Namba zinashuka. Si ushahidi huo?

Bado, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu kosa hili limeenea na lina madhara.

Fikiria meza iliyo pembeni ya uwanja. Mtu amemaliza kilomita tano, jasho linamtoka, anakaa kwenye kiti cha plastiki kisicho na mahali pa kuegemeza mkono, anafungwa mashine juu ya fulana huku akitaniana na wenzake. Namba itakayotoka hapo haifai kwa lolote. Mazoezi hupandisha presha wakati mtu anakimbia, na baadaye huweza kuishusha kwa saa kadhaa. Aliyepimwa mara tu baada ya mbio mwezi wa kwanza, na baada ya kupumzika nusu saa mwezi wa tatu, ataonekana amepona ilhali hakuna kilichobadilika.

Pimeni kabla ya mazoezi. Mtu asiwe amefanya mazoezi, amevuta sigara au amekunywa kahawa katika nusu saa iliyopita. Akae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kukunjana, mkono uko wazi na umelazwa mezani usawa wa moyo. Pima mara mbili ukiacha dakika moja au mbili katikati, andika zote. Tumieni mashine ileile, saa zilezile, mwanzo na mwisho.

Kuna mtego wa pili, na huu huwanasa hata wataalamu. Tuchukulie mmepima watu 80, mkawachagua 15 wenye namba kubwa kuliko wote, mkawapa programu ya miezi mitatu, mkawapima tena wakawa wameshuka. Furaha tele. Lakini presha ya kila mtu hupanda na kushuka kutoka siku hadi siku. Ukiwachagua watu kwa sababu siku ile walikuwa juu, wengi wao watashuka siku nyingine hata usipowafanyia kitu. Dawa yake ni kupima kila mtu siku mbili tofauti kabla ya kuchagua, na ikiwezekana kuwa na wengine wenye namba kama hizo ambao programu itawafikia baadaye, muwalinganishe.

Kingine, kupima bila kufuatilia ni kumwacha mtu njiani. Mwenye 140 kwa 90 au zaidi kwa kurudia aende zahanati akathibitishiwe. Mwenye 180 kwa 120 au zaidi apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Kwenye tathmini yenu hesabuni hili pia: kati ya mliowaelekeza, ni wangapi waliofika kweli? Kwa maoni yangu hiki ndicho kiashiria bora kuliko vyote ambacho klabu ndogo inaweza kukipata, kwa sababu kinapatikana kwa kumuuliza mtu kama ana kadi au daftari lake la zahanati, na kwa sababu kinagusa maisha.

Mahudhurio yetu yanayumba sana. Tuyaeleweje?

Kwanza tazameni mwezi angani. Kibirizi na Katonga, vijana wengi wanaishi kwa uvuvi wa dagaa, na dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazivuti samaki, mitumbwi inakaa, na uwanja unajaa. Klabu ikianza kuhesabu wakati wa giza na kumaliza wakati wa mbalamwezi itajisifu kwamba hamasa imepanda. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ratiba za watu wengi zilibadilika kabisa. Basi daftari la mahudhurio lichukue walau miezi miwili mizima ya mwandamo, na pembeni ya tarehe andikeni: giza, mbalamwezi, mvua, msiba, mechi ya timu ya Mashujaa uwanja wa Lake Tanganyika. Maelezo hayo mafupi yatawaokoa wakati wa kusoma takwimu.

Andikeni majina, msiandike idadi tu. Watu 30 kila wiki wanaweza kuwa walewale 30, au 90 waliopita na kuondoka. Walioacha watafuteni muwaulize kwa nini, kwa upole. Msipowahesabu mtabaki na waliofanikiwa peke yao.

Tumefundisha vyandarua miaka kadhaa na malaria imepungua mtaani. Ni kazi yetu?

Huenda mmechangia, ila kupungua kwenyewe hakuthibitishi. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 uliuweka mkoa wa Kigoma juu ya mikoa yote: asilimia 24 ya watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa walikuwa na vimelea vya malaria. Kufikia utafiti wa mwaka 2022 Kigoma ilikuwa imeshuka, na iliyoongoza ni Tabora kwa asilimia 23. Klabu yoyote iliyoanza kufundisha vyandarua katikati ya miaka hiyo ingeweza kudai ushindi. Lakini katika miaka hiyohiyo vyandarua viligawiwa kliniki na shuleni, na zahanati zilipima na kutibu.

Tena yapo majira. Ukipima mwezi wa tatu mvua zikiwa nyingi, kisha mwezi wa nane kiangazi, malaria itakuwa imepungua hata kama hukufundisha neno. Linganisheni Machi na Machi. Na tafuteni klabu nyingine inayofanana na yenu ambayo haijaanza, tuseme yenu iko Gungu na yao Mwanga, mkubaliane kupima wote pamoja, nao waanze mwaka ujao. Hakuna anayenyimwa kitu, na mnapata wa kulinganisha naye. Halafu jipimeni kwa kilicho karibu na mikono yenu: chandarua kimetundikwa, kina matundu mangapi, nani alilala ndani jana. Malaria ya kata nzima iko mbali mno na kazi ya timu moja.

Vijana watasema ukweli kuhusu pombe na ngono mbele ya kocha?

Hapana, na si kwa sababu ni waongo. Kocha ndiye anayepanga kikosi. Hakuna kijana mwenye akili atakayemwambia kwamba alilewa juzi.

Njia nafuu ni punje. Weka kopo lenye kifuniko chenye tundu nyuma ya pazia au ndani ya chumba. Kila mmoja apewe harage moja na punje moja ya mahindi. Swali linasomwa kwa wote: "Katika siku saba zilizopita, ulikunywa pombe?" Harage ni ndiyo, hindi ni hapana. Anaingia peke yake, anatumbukiza moja, nyingine anaiweka kwenye mfuko ulio pembeni ya kopo bila mtu kuona. Anayesimamia awe mhudumu wa afya ngazi ya jamii au mwalimu wa shule nyingine, kocha awe mbali. Hamtajua nani kasema nini, ila mtajua timu iko wapi, na mkirudia baada ya miezi sita mtaona kama imesogea.

Msikimbilie asilimia. Timu ya wachezaji 20, mmoja tu akibadilika ni asilimia 5. Andikeni "wanne kati ya 20", msomaji aone ukubwa wenyewe.

Kuna mahali klabu zimepimwa vizuri tukajifunza?

Zipo. Australia, katika jimbo la New South Wales, klabu 88 za mpira za kijamii ziligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilisaidiwa kubadilisha taratibu za pombe klabuni, kama vile kutowauzia waliolewa na kuacha kuitoa kama zawadi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: wanachama waliokunywa kupita kiasi klabuni walikuwa asilimia 19 katika kundi lililosaidiwa na asilimia 24 katika lile lingine. Ni tofauti ya wastani, lakini ya kuaminika kwa sababu kulikuwa na wa kulinganisha nao. Na tazameni walichobadilisha: kanuni za klabu. Nanyi jipimeni hapo. Mdhamini wa kombe lenu ni nani? Mshindi anapewa nini? Uwanjani kuna maji safi ya kunywa na choo?

Barani kwetu, programu ya FIFA ya kufundisha afya kupitia mpira, yenye vipindi 11, ilipimwa kwa watoto wa Afrika Kusini, kisha Mauritius na Zimbabwe, kwa maswali ya kabla na baada. Ujuzi uliongezeka. Ni hatua muhimu, ingawa kujua ni jambo moja na kutenda ni lingine, kwa hiyo msiishie kwenye mtihani wa maswali.

Tunahitaji ruhusa?

Kwa kujitathmini wenyewe, shirikisheni afisa michezo, mtendaji wa kata na mganga mfawidhi wa zahanati. Kwa watoto, mzazi akubali kwanza. Mkitaka kufanya utafiti wa afya wa kuchapishwa, kibali cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kinahitajika. Taarifa za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hivyo daftari la presha lifungiwe kabatini, na picha yake isitumwe kwenye kundi la WhatsApp la timu hata kwa nia ya kupongezana.

Je, tukigundua hakuna kilichobadilika?

Semeni hivyo, na mseme mapema. Angalieni kwanza kama programu ilifanyika kweli. Vipindi kumi vilivyopangwa na vinne vilivyofanyika maana yake hamjajua bado kama wazo ni baya. Kama vilifanyika vyote na hali ni ileile, badilisheni njia. Mafunzo ya kichocho yanaweza kushindwa kwa miaka kwa sababu baada ya mazoezi hakuna pengine pa kuoga ila ziwani. Hapo mahubiri zaidi hayatasaidia. Pelekeni matokeo kwa wachezaji kabla hayajafika kwa mfadhili, wakiwa wamekaa kwenye nyasi baada ya mazoezi, muwaulize kinachowazuia. Mkisikia ni bomba la maji, basi ombi la mwaka ujao kwa halmashauri liwe bomba, na kiashiria chenu kipya kiwe wangapi wanaoga pale uwanjani.