Muhali ni nini, na unamfungaje mdomo mtoto aliedhalilishwa na mtu wa nyumbani

Muhali kwa sisi Wazanzibari ni kule kushindwa kumfanya mtu linalostahiki kwa sababu ni ndugu, au jirani, au mamaake na mamaako wamenyonya ziwa moja, yani haki unaijua ila unaona tabu kuitoa. Kwenye vitu vidogo hauna neno, mtu kakopa mchele umeona muhali kumdai basi yaishe. Ubaya unakuja pale mtoto anapodhalilishwa, yani kufanyiwa ukatili wa kingono, na maharimu wake, baba, kaka, ami, mjomba, babu, mana hapo anaeonewa muhali ni mkosa mwenyewe na wanaomuonea ni nyumba nzima.

Angalia inavokwenda. Mtoto mara nyingi haanzi kusema kwa mdomo, utamuona kaanza tena kukojoa kitandani na alishaacha, hataki kubaki nyumbani na fulani, skuli hafanyi vizuri. Mama akigundua anakwenda kwa bibi, bibi anaita wakubwa, wanakaa usiku milango imefungwa na wanachojadili pale si mtoto, ni baba akifungwa nani atalisha, wakwe watasemaje, huyu msichana nani atakuja kumposa. Mwisho wake mkosa anaapishwa msahafu harudii tena, mtoto anapelekwa shamba kwa shangazi, kila mtu afunge mdomo. Kwa iyo alieonewa ndo anaehamishwa, alietenda kabaki na chumba chake.

Wengine wanaleta hoja ya sitara, ati dini imetutaka tustiriane. Jamani! Sitara ni ya mtu na kosa lake baina yake na Mola wake, haijawahi kuwa kinga ya mtu anaeumiza mtoto ambae kesho atamrudia huyo huyo au ataingia kwa mdogo wake. Na hao hao wenye sitara akiibiwa mbuzi mmoja tu asubuhi wako kituo cha polisi.

Muhali unakwenda mpaka mahkamani. Sheria zipo, kuna Sheria ya Mtoto ya 2011 na Sheria ya Adhabu ya 2018, na toka 2021 kuna mahkama maalum ya kesi za udhalilishaji, lakini kesi ya nyumbani shahidi wake nae ni wa nyumbani, mama akiitwa anaumwa, bibi hakumbuki, mtoto keshafundishwa aseme alianguka, kesi inakufa, halafu barazani tunailaumu serekali peke yake.

Kama limetokea sasa hivi usimkogeshe mtoto wala usifue nguo zake, zitie kwenye mfuko wa karatasi sio wa plastiki, mpeleke kituo cha Mkono kwa Mkono hospitali, Unguja Mnazi Mmoja kipo na Pemba Chake Chake kipo, daktari na polisi na mshauri unawakuta pamoja. Dawa za kukinga ukimwi zinataka zianze ndani ya saa 72, kikao cha wakubwa hakiwezi kuja kabla ya hapo. Simu ya watoto ni 116, bure.

Na tusidhani ni wasichana tu. Utafiti wa kitaifa wa 2009 uliuliza vijana wa miaka 13 hadi 24, kwa Zanzibar wasichana kama asilimia 6 na wavulana kama asilimia 9 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, hapo ni wa aina zote sio wa maharimu peke yake, na ni wale walioweza kusema.

Sasa yule mtu mzima anaeamua kusema leo, ana watoto wake, suali la kwanza anaulizwa kwa nini hukusema siku ile. Wengine walisema wakaambiwa wanyamaze. Na ambae hakusema, aliemfanyia ndo aliekuwa akimnunulia madaftari na kumwambia ukisema mamaako ataachwa, mtoto wa miaka saba kabebeshwa ndoa ya wazee wake. Tena wengi hata kesi hawaitaki. Anataka aaminiwe, watoto wake wasilale kwa babu huyo, na Idi asilazimishwe kwenda kumpa mkono. Akikataa kwenda, msimwambie kawatia aibu.